Nyumba ya mawe ya Lamu: boriti ndiyo iliyopima chumba

Ukiingia katika ile nyumba ya karne ya 18 iliyogeuzwa makumbusho ndani ya mitaa ya Lamu, macho hukimbilia zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Inua kichwa kwanza utazame dari. Gogo la mkoko lililonyooka, likibeba mawe na chokaa juu yake, halivuki nafasi kubwa, na ndiyo maana upana wa chumba hukomea karibu mita 2.5 hadi 2.8. Urefu hauna kikwazo. Basi vyumba vikawa virefu na vyembamba, vikalala kimoja nyuma ya kingine.

Mlangoni kuna daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, na baraza zake. Tekani, njia ya kuingilia ndani, inakunja kona, mpita njia asione ndani. Kisha kiwanda, yaani ua usio na paa, ambako nyumba nzima inapata mwanga na hewa. Halafu kumbi mbili ndefu, msana wa tini (wa chini) na msana wa yuu (wa juu), na mwisho chumba kiitwacho ndani, sakafu ikipanda kidogo kila unapovuka. Chumba cha ndani ndicho chenye giza kuliko vyote, na ndicho kilichopewa zidaka nyingi: safu za vishubaka vya lipu iliyochongwa, vya kuwekea vyombo vya kauri.

Chooni usipite haraka. Katika birika la maji walifugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini ndani yake pakajengewa bakuli la kauri ili maji yakipungua, samaki wabaki na pa kujificha. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha ufundi kinachozidi vyote nyumbani humo.

Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa sentimita 40 hadi 50. Hapo ndipo matengenezo ya siku hizi yanapoharibu. Unyevu hupanda kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huuacha utoke. Ukipaka saruji unauziba. Unyevu huo unapanda juu zaidi, unaleta chumvi inayofumua lipu, mpaka unafika kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani. Boriti huoza pale pale, huku katikati ikionekana nzima kabisa. Kwa hiyo usiipime kwa kuigonga katikati: dunga kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo imekwisha.

Saruji ibanduliwe kwa nyundo na patasi, taratibu, na ukuta uachwe ukauke. Chokaa izimwe kwa maji mapema na ilale ndani ya maji kwa wiki kadhaa. Punje ambayo haijazimika itavimba baadaye na kutoboa lipu. Changanya sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, na mchanga wa ufukweni usiuguse, kwa sababu utarudisha chumvi ile ile. Lowesha ukuta, paka matabaka membamba yasiyozidi sentimita 1, na ufunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa iliyokaushwa na jua la mchana hupasuka na kubaki unga.

Boriti mbovu zibadilishwe moja moja, dari ikiwa imeegemezwa kwa nguzo. Ukitoa mbili za jirani kwa pamoja, chokaa ya juu inapasuka, na mvua ya masika itaingilia hapo hapo.