Diski Pacha Si Nakala Rudufu

Nimeambiwa tena, na safari hii uvumilivu umeniishia, kwamba seva ya biashara fulani iko salama kwa sababu ina diski mbili pacha: moja ikifa, nyingine ipo. Aliyeniambia si mzembe hata kidogo. Ni mtu anayefunga hesabu zake kila jioni, na aliyemuuzia seva ndiye aliyemwaminisha kwamba RAID, yaani mpangilio huo wa diski kadhaa kufanya kazi kama moja, ni nakala rudufu. Siyo, na haijawahi kuwa.

David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoieleza RAID katika makala yao ya mwaka 1988, walitafuta namna ya kuunganisha diski ndogo za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya gharama, bila kundi zima kuanguka kila diski moja inapoharibika. Kazi hiyo RAID huifanya vizuri, nami sikubali seva ya mauzo iwashwe bila hiyo. Lakini diski pacha hupokea kila amri kwa pamoja. Karani akifuta jedwali la wateja, limefutika kwenye zote mbili papo hapo. Programu hasidi ikiyasimba mafaili, yaani ikiyafanya yasisomeke bila ufunguo wa siri, ili mwenyewe adaiwe fidia, imeyasimba pande zote. Na mwizi akibeba seva, amebeba pacha wote wawili.

Hapo watu wengi hunielewa, kisha huniambia: basi tutalandanisha kila kitu na hifadhi ya wingu, au tutaweka seva ya pili inayopokea mabadiliko ya ile ya kwanza kila sekunde. Ni kosa lilelile kwa umbo jingine, na ndilo linalonikera zaidi kwa sababu hata mafundi wenzangu hulitetea. Urudufishaji wa papo hapo ukifanya kazi vizuri sana, kosa nalo hufika upande wa pili haraka sana. Ni kweli kwamba baadhi ya huduma za wingu hutunza matoleo ya zamani ya faili kwa muda fulani, na matoleo hayo yamewaokoa watu. Lakini anayeshika nenosiri la msimamizi mara nyingi anaweza kuyafuta pia, na muda ukipita hayapo tena.

Ninachokiita nakala rudufu ni kitu chenye sifa mbili. Kwanza, kinakurudisha kwenye hali ya wakati uliopita, kwa mfano jana saa nane mchana kabla ya kosa kutokea. Pili, mtu au ajali yenye uwezo wa kuiangamiza seva haina uwezo wa kuifikia nakala hiyo. Sifa ya pili ndiyo inayosahaulika. Mwezi Juni 2014, mshambulizi aliingia kwenye akaunti ya wingu ya kampuni iitwayo Code Spaces, akadai fedha, na alipoona wenyewe wanajaribu kumfungia nje akafuta sehemu kubwa ya data pamoja na nakala zake, hata zile zilizohesabiwa kuwa zimewekwa mbali. Kampuni ilifunga shughuli zake. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo moja la kituo cha data cha OVHcloud, kampuni inayokodisha seva, mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliotambua baadaye kwamba nakala zao zilitunzwa eneo lilelile na seva zao. Nakala kuwa kwenye mashine nyingine ya eneo lilelile si kinga, na umbali wa kilomita si kinga iwapo nenosiri la kuingilia kote ni moja.

Kuhusu kanuni ya 3-2-1 nitasema kwa ufupi kwa kuwa imeelezwa kila mahali: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja nje ya jengo. Ongeza moja isiyounganishwa na mtandao kabisa, au isiyoweza kufutwa kabla ya muda wake hata na msimamizi. Kuhusu masasisho vilevile: dosari ya Windows iliyotumiwa na programu hasidi ya WannaCry mwezi Mei 2017 ilikuwa imezibwa na Microsoft mwezi Machi mwaka huohuo. Usiiache huduma ya kuidhibiti seva kutoka mbali ikiwa wazi kwenye intaneti, na uweke uthibitishaji wa hatua mbili.

Sasa jambo linalostahili muda zaidi. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandaaji programu kazi zao, aliyekuwa akirekebisha urudufishaji wa hifadhidata alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Walipozitafuta nakala za kila siku, hawakuzikuta: programu ya kuzitoa ilikuwa ya toleo la zamani lisilolingana na hifadhidata, ikawa inashindwa kila siku, na barua pepe za kuonya kuhusu kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua. Waliokolewa na nakala ya hali ya diski nzima ambayo mtu aliichukua kwa mkono muda wa saa 6 hivi kabla ya kosa, kwa kazi nyingine kabisa. Ikiwa wataalamu wa kiwango kile walifikwa na hayo, ofisi yenye fundi mmoja wa muda isijidanganye kwa alama ya kijani kwenye skrini.

Kurejesha pia kuna hesabu yake. Terabaiti moja kupitia laini ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 22, hata laini isipopungua kasi. Mwenye biashara ndiye anayepaswa kuamua, kabla ya janga, anaweza kupoteza kazi ya saa ngapi na kukaa bila mfumo kwa muda gani. Fundi hawezi kumwamulia.

Yapo mambo ambayo miongozo huyaeleza kwa uhakika nisiokuwa nao. Nakala zitunzwe kwa muda gani? Mshambulizi anaweza kukaa ndani ya mfumo kwa wiki nyingi kabla ya kujitokeza, kwa hiyo nakala za siku saba hunitia hofu, lakini za mwaka mzima hugharimu fedha ambazo biashara ndogo inazihitaji kwingine. Zisimbwe? Nasema ndiyo, ingawa najua kwamba ufunguo ukipotea, nakala imepotea nao. Na majaribio ya kurejesha mfumo wote kwenye mashine tupu nayapendekeza kila robo mwaka, nikijua kwamba wengi watarejesha folda moja na kuridhika. Folda moja haithibitishi kwamba hifadhidata iliyonakiliwa ikiwa inaandikwa itafunguka.

Kwa hiyo, aliyeniambia kuhusu diski pacha nimemwomba aniletee vitu viwili kabla hatujazungumzia ununuzi wowote: orodha iliyochapishwa ya mifumo yake kwa mpangilio wa itakayorejeshwa kwanza, na jina la mtu, mbali na yeye, anayejua ufunguo wa nakala ulipo.