Honi hupigiwa gari kabla ya dereva

Dereva akituchomekea, macho yanakimbilia nembo ya gari. Ikiwa BMW, tunasema ndio zao hao. Ikiwa ni kigari cha familia, tunasema labda hakutuona. Kosa ni lile lile. Kazi yangu ni saikolojia ya usalama barabarani, na watu hawachoki kuniuliza kama dhana hizi zina ukweli. Upo, ila mdogo kuliko wanavyodhani, na sehemu kubwa ya mambo iko kwa anayetazama.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Anthony Doob na Alan Gross, lililochapishwa mwaka 1968. Huko California, gari lilisimama kwenye taa, na taa ilipowaka kijani dereva akakaa tu makusudi. Siku hiyo gari lilikuwa ama Chrysler Imperial nyeusi, imeoshwa ikang'aa, ama mkweche. Kwenye Chrysler, nusu tu ya waliokuwa nyuma walipiga honi. Kwenye mkweche walipiga zaidi ya wanne kati ya watano, na madereva wawili hawakuhangaika hata na honi: waliligonga kwa bampa. Watafiti waliwauliza pia wanafunzi wangefanyaje. Wanaume wakajibu kwamba gari la kifahari ndilo wangelipigia honi upesi. Mdomoni tunamchukia mwenye gari kubwa. Kwenye usukani tunamnyenyekea na kumalizia hasira kwa mnyonge.

Na wenye magari ya bei wenyewe? Mwaka 2012 Paul Piff na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliyatazama magari kwenye makutano na kwenye kivuko cha watembea kwa miguu. Madereva wa magari ya hadhi ya juu ndio waliochomekea wenzao zaidi, na ndio waliompita zaidi mtu anayesubiri kuvuka. Matokeo hayo yalivuma sana. Mimi huyapokea kwa tahadhari: hadhi ilikadiriwa kwa macho, na gari la bei si lazima liwe na tajiri ndani. Linaweza kuwa la mkopo, la kampuni, au la bosi.

Kumbukumbu nayo inatuchezea. BMW iliyotupisha kwa ustaarabu asubuhi haina hadithi ya kusimulia, kwa hiyo inasahaulika. Iliyotuchomekea jioni inafika hadi mezani. Kila anayeniambia kwamba wenye pikapu wote ni wakorofi amehesabu wakorofi tu.

Mwaka 2020, Jan-Erik Lönnqvist wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake walitoa utafiti kuhusu wenye magari nchini Ufini. Wanaume wabishi, wakaidi na wasiojali wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumiliki Audi, BMW au Mercedes. Hiyo ndiyo nusu iliyosambaa. Nusu nyingine ni kwamba watu makini, wenye nidhamu na utaratibu, wanaume kwa wanawake, nao huvutiwa na magari hayo hayo.

Kwa hiyo ukiiona Audi pembeni yako, nembo haitakusaidia kujua ni yupi kati ya hao. Ninaowafundisha huwaambia watazame magurudumu ya mbele, maana hupinda kabla bodi haijahama njia.