Taimingi ya injini ya kabureta, na kwa nini sailensa husubiri zamu yake

Taimingi ni pale hasa plagi inapotoa cheche, ikipimwa kwa digrii za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kabla pistoni haijafika juu kabisa. Sailensa ni mwendo wa injini ikiunguruma bila mafuta kukanyagwa. Kwenye Corolla au Peugeot 504 za zamani zinazotembea bado Uganda, hivi viwili vimefungamana, na taimingi ndiyo hutangulia. Shida ni kwamba skrubu ya sailensa iko wazi juu ya kabureta, kwa hiyo ndiyo inayoguswa kwanza.

Mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui wote mara moja. Chukulia moto unahitaji milisekunde 2 kuenea. Injini ikiwa kwenye mizunguko 750 kwa dakika, krenki hupita digrii 4.5 kila milisekunde. Kwenye 3,000 hupita 18. Ndiyo maana cheche lazima iwahi, na izidi kuwahi mwendo ukipanda. Kazi hiyo hufanywa na vizito na springi zilizo ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawia plagi umeme. Fundi hupanga mwanzo tu, mara nyingi digrii 5 hadi 10, ila namba ya kufuata ni ya injini yako.

Anza na pointi, yaani vile vibamba viwili ndani ya distribyuta ambavyo vikifunguka ndipo cheche inatoka. Nyingi hutaka nafasi ya karibu 0.45 mm kwa fila (kibamba chembamba cha kupimia nafasi). Kile kiguu cha plastiki kinachosugua kamu (mhimili wenye pembe unaozifungua pointi) hulika, nafasi ikapungua, pointi zikachelewa kufunguka, na cheche ikachelewa pia. Gari linakuwa zito mlimani, linachemka, sailensa inashuka. Hapo skrubu ya sailensa inakazwa: kilango cha kabureta kinafunguka zaidi, na kwenye kabureta nyingi kinaacha wazi tundu la vakyumu (mvuto wa hewa ya injini), ambalo huivuta cheche mbele. Gari linaonekana limepona. Baada ya siku chache utalisikia likipigapiga hata swichi ikiwa imezimwa. Ukinunua pointi mpya Kisekka, soko la vipuri la Kampala, tia grisi kidogo kwenye kamu, na uzipange kabla ya taimingi, kwa sababu nafasi ya pointi ikibadilika, taimingi nayo hubadilika.

Sasa pasha injini moto. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye distribyuta, uuzibe. Paka chaki alama ya puli (gurudumu la mkanda mbele ya krenki), bana taa ya taimingi, inayomulika alama hiyo kila cheche inapotoka, kwenye waya wa plagi namba 1, legeza bolti ya distribyuta kidogo tu. Kuizungusha distribyuta kinyume na mzunguko wa rota, kile kidole kilicho ndani yake, huwahisha cheche. Kufuata rota huichelewesha. Kaza, pima tena, kwa sababu kukaza huisogeza. Kisha rudisha mpira na ulijaribu gari mlimani kwa gia ya juu. Likigonga, rudisha nyuma digrii 1 au 2.

Sailensa ndiyo ya mwisho: choki wazi kabisa, chujio la hewa mahali pake, taa zimezimwa. Weka mizunguko 750 hadi 800 kama kitabu hakisemi vingine. Zungusha skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka injini iende kasi yake ya juu, shusha kwa skrubu ya sailensa, rudia. Skrubu ya mchanganyiko usiikaze kwa nguvu ikafika mwisho, ncha yake itaharibika.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kabale karibu 2,000. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo gari lililopangwa Mombasa likifika huku hula petroli nyingi kuliko hewa yake: plagi nyeusi, moshi mweusi. Ikibidi, jeti kuu (kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) hupunguzwa ukubwa.

Skrubu ya mchanganyiko ikizungushwa na injini isibadilike, acha kuizungusha. Ama jeti ya sailensa imeziba (ipulizie hewa, usiichokonoe kwa waya, tundu litapanuka), ama kilango kimefunguka mno, ama hewa inaingia kwenye gasketi chini ya kabureta. Nyunyizia hapo maji kidogo. Mlio ukibadilika, badilisha gasketi.