Maji ya Kijani Ziwani: Kuchemsha Hakutoshi

Asubuhi upepo ukiwa umelala, simama kwenye mwalo wa Ggaba, kando ya Ziwa Victoria nje kidogo ya Kampala, utazame maji yanapogusa mawe. Kuna siku utakuta utando mzito wa kijani, kama rangi ya mlango iliyomwagika. Anayeteka huusukuma pembeni kwa kitako cha dumu, kisha hulizamisha dumu palepale. Ukimwonya, atakujibu kwa upole: "Nitayachemsha, mwanangu."

Jibu hilo hunitia hofu kila ninapolisikia. Utando ule ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea, na katika Ghuba ya Murchison, ilipo Ggaba, wamejaa wale waitwao Microcystis. Baadhi yao hutengeneza maikrosistini, sumu inayoshambulia ini. Moto wa jikoni huua bakteria, lakini sumu hiyo haiharibiki kwa kuchemshwa. Seli zikipasuka, sumu iliyokuwa ndani humwagika majini, na hapo hata kitambaa cha kuchujia hakiizuii. Shirika la Afya Duniani limependekeza maji ya kunywa kila siku yasizidi mikrogramu 1 (sehemu moja ya milioni ya gramu) ya maikrosistini-LR, aina mojawapo ya sumu hiyo, kwa lita. Kiasi hicho hakionekani kwa macho.

Sianobakteria hao hustawi kwa fosforasi na nitrojeni tunazowapelekea wenyewe. Mfereji wa Nakivubo hushusha maji taka ya jiji hadi ghubani. Zamani mafunjo ya kinamasi chake yaliyachuja njiani. Leo sehemu kubwa imelimwa magimbi au imejengwa nyumba. Ongeza mvua inayokokota udongo wa mashamba yenye mbolea. Jua likiwaka na maji yakitulia, Microcystis huelea juu kwa vifuko vyao vya hewa, na upepo mwepesi huwakusanya ufukweni, mahali hasa tunapoteka.

Samaki nao huumia: utando unapooza hunyonya oksijeni, na sangara ndiye wa kwanza kulemewa.

Kwa hiyo maji yakiwa ya kijani, usiyanywe wala usiyapikie. Tafuta bomba au kisima. Watoto wasiogelee humo, ng'ombe na mbwa wasiyanywe. Usitie dawa ya kuua utando, maana utaimwaga sumu yote kwa mkupuo mmoja. Na samaki aliyevuliwa hapo mtoe matumbo na ini, umwoshe kwa maji safi kabla ya kumpika, kwa kuwa ndani ya viungo hivyo sumu hujikusanya zaidi kuliko kwenye mnofu.