Tosino ya nyumbani: maji kwanza, kukaanga baadaye

Tosino, nyama tamu ya nguruwe ya Kifilipino, ikitoka kikaangoni nyeusi pembeni na mbichi katikati, usimlaumu muuza nyama wala jiko. Mkosaji ni sukari. Kilo moja ya nyama hii hubeba gramu 150 za sukari, na sukari ikigusa chuma cha moto pasipo maji huungua kabla nyama haijaiva. Ndiyo maana Wafilipino hawaikaangi moja kwa moja. Huichemsha ndani ya kikaango hicho hicho mpaka maji yakauke, kisha huiacha ijikaange kwa mafuta yake. Mengine yote kwenye mapishi haya unaweza kuyapindisha, ila si hilo.

Jina ni la Kihispania, tocino, na huko maana yake ni mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi. Wafilipino, waliotawaliwa na Hispania zaidi ya miaka 300, walibaki na jina wakabadilisha kitu chenyewe: vipande vyembamba vya nyama, vitamu, vyekundu, vya kufungulia kinywa asubuhi. Mkoa unaosifika zaidi kwa tosino ni Pampanga, kaskazini ya Manila. Wakapampanga, watu wa huko, wana pia pindang babi, nyama ya nguruwe ambayo huachwa ichachuke kabla ya kupikwa. Hiyo siifundishi kwa maandishi. Inataka mtu anayeijua harufu yake asimame karibu nawe.

Nyama ya tosino ni bega, ambalo kwa Kitagalogi huitwa kasim, likiwa na mafuta kama robo yake. Paja linafaa lakini hukauka upesi, na sarara ni kupoteza pesa: haina mafuta ya kujikaangia. Liweke bega kwenye friza dakika 45 hadi saa moja, mpaka likaze bila kuganda, ndipo ukate vipande vya unene wa milimita 5 au 6. Kata ukipinga nyuzi za nyama. Kipande cha milimita 3 kitakauka kama krispi, na cha sentimita nzima kitakuwa na viungo nje tu huku ndani kikiwa nyama tupu.

Kwa kilo moja ya nyama iliyokwisha kukatwa:

– sukari gramu 150 (ile ya rangi ya kahawia inatosha kabisa)
– chumvi gramu 18
– kitunguu saumu punje 6, kilichopondwa
– pilipili manga ya unga kijiko 1 cha chai
– juisi ya nanasi ya kopo au ya boksi mililita 100
– siki kijiko 1 cha chakula
– mafuta ya mzingefuri vijiko 2 vya chakula (namna ya kuyatengeneza iko hapa chini)

Nimesema juisi ya kopo kwa makusudi. Nanasi lisilopikwa, hata likiwa limeiva, lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho hulainisha nyama kwa kukata protini zake, na hakijui kuacha. Baada ya usiku mmoja utakuta nyama imekuwa kama uji juu na inaachana ukiishika. Joto la kiwandani huua kimeng'enya hicho. Kama una nanasi shambani, kamua juisi, ichemshe dakika tano, iache ipoe kabisa.

Wapo wanaotia kijiko cha anisado, pombe yenye harufu ya bizari tamu, na kwa kweli inapendeza. Usipoipata, usihangaike.

Rangi sasa. Tosino nyingi ya dukani huwekwa rangi ya kiwandani, lakini rangi ya asili ni atsuete, yaani mbegu za mzingefuri, mmea ule ule ambao wakulima wa Kwale na Lamu huuita mrangi. Rangi yake nyekundu hutoka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji ya kawaida. Pasha vijiko 3 vya mafuta ya kupikia kwa moto mdogo sana, tia kijiko kimoja cha mbegu, koroga dakika mbili au tatu hadi mafuta yawe na rangi ya chungwa iliyoiva, kisha chuja mara moja. Mbegu zikianza kuwa nyeusi, yamwage mafuta hayo yote: yameshakuwa machungu, na hakuna sukari itakayoficha.

Namna ya kuchanganya ina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Anza na chumvi na sukari peke yake, bila kitu cha maji. Kanda nyama kwa mkono dakika nne au tano. Mwanzoni vipande huteleza tu, kila kimoja na njia yake. Kisha nyama hutoa majimaji, sukari huyeyuka, na ghafla vipande huanza kunatana na kushika vidole. Chumvi imeshavuta protini juu ya nyama, na ndizo zinazoipa tosino ule ukinzani mdogo unapoitafuna. Hapo ndipo utie juisi, siki, saumu, pilipili manga na mafuta. Ukimwaga vyote pamoja tangu mwanzo, utapata nyama iliyoloweshwa, si tosino.

Funika, weka kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini ya hapo, na ugeuze mara moja kwa siku. Siku moja inatosha kuila, mbili ndiyo bora, ya tatu ndiyo mwisho. Baada ya hapo ipike au igandishe. Sukari na chumvi za kiasi hiki ni za ladha. Hazihifadhi nyama mezani, kwa hiyo usije ukaiacha nje usiku kucha kwa kuwa “imeshatiwa chumvi”.

Sijaitaja shura, chumvi ya nitrati ambayo zamani ndiyo iliyokuwa ikitiwa kuleta wekundu wa kudumu. Wafilipino huiita salitre. Siku hizi wenye viwanda hutumia chumvi maalumu ya kuhifadhia nyama yenye nitriti asilimia 6.25, na kipimo chake ni gramu 2.5 kwa kilo ya nyama, ukipunguza chumvi ya kawaida hadi gramu 15. Hupakwa rangi ya waridi ili isichanganywe na chumvi ya mezani, maana ukizidisha ni sumu. Ile chumvi ya waridi ya Himalaya siyo hiyo, haina nitriti. Huna mzani unaosoma sehemu za gramu? Basi usiiguse, wala usipime kwa kijiko. Kwa nyama itakayopikwa ndani ya siku tatu naiacha kabisa, na tofauti utakayoiona ni kwamba ndani itakuwa ya kijivu hafifu badala ya waridi.

Kupika: chukua gramu 250, panga vipande kwenye kikaango kipana bila kupandana, tia maji nusu kikombe na kijiko kimoja cha mafuta. Moto wa wastani. Yatachemka dakika 12 hadi 15. Usiondoke, lakini huna haja ya kukodoa macho, sikiliza. Maji yakiwepo, kikaango hutokota kwa sauti nzito, na mapovu ni makubwa. Yakikaribia kwisha mapovu hupungua ukubwa, rojo huwa zito kama asali, na sauti hupanda ikawa ya kuchachatika, kavu. Punguza moto papo hapo. Kuanzia hapo una dakika tatu, nne hivi, na kila kipande kigeuzwe kila baada ya sekunde 20 au 30. Ukiona ukingo unaelekea weusi, nyunyiza kijiko cha maji, utulie, uendelee. Itoe ikiwa na rangi ya kahawia nyekundu inayong'aa, na madoa machache ya kuungua pembeni. Hayo madoa ndiyo raha yenyewe.

Kabla ya mkupuo wa pili, osha kikaango. Sukari iliyobaki chini itaungua na kuupaka wa pili uchungu.

Usipime kuiva kwa rangi. Mzingefuri huifanya nyama mbichi na iliyoiva zifanane, na nitriti huacha waridi hata nyama ikiwa imeiva sawasawa. Kata kipande kinene kuliko vyote: nyama iliyoiva ina nyuzi zinazoachana na maji yasiyo na damu. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71. Nguruwe anaweza kubeba minyoo ya tegu, na kuichemsha nyama mpaka maji yakauke kunalimaliza tatizo hilo pia.

Ikitoka ngumu, ama ulikata kufuata nyuzi ama uliacha moto mkubwa baada ya maji kwisha. Ikitoka na maji maji bila kung'aa, uliijaza sana kikaangoni. Ikiwa na utelezi na harufu ya uchachu kabla ya kupikwa, itupe, usiijaribu.

Mezani huliwa na sinangag, wali wa kiporo uliokaangwa na saumu nyingi, na itlog, yai la kukaanga. Silabi za vyakula hivyo vitatu ndizo zilizounganishwa zikawa tosilog. Kiporo kiwe cha jana kweli, kilichokaa friji, kwa sababu wali wa moto utashikana. Pembeni weka siki yenye saumu na pilipili kali zilizokatwa, au achari ya papai bichi. Bila ukali huo, utamu utakuchosha kwenye kipande cha tatu.

Usiyekula nguruwe, tumia mapaja ya kuku yasiyo na mifupa. Hata Wafilipino wana tosino ya kuku. Kipimo cha sukari ni kile kile, chumvi punguza hadi gramu 15, maji ya kuchemshia robo kikombe tu, na usiku mmoja wa friji unatosha.