Antioksidanti ya ginseng: inafanya nini hasa mwilini?

Seli inapotumia oksijeni kupata nishati kutoka kwenye chakula, sehemu ndogo ya oksijeni hiyo hugeuka radikali huru, yaani molekuli iliyopungukiwa elektroni, ambayo hunyang'anya elektroni za mafuta, protini na hata DNA zilizo jirani. Antioksidanti ni kitu chochote kinachozima au kupunguza uharibifu huo. Mwili hujitengenezea za kwake, vikiwemo vimeng'enya kama katalesi. Radikali zikizidi nguvu ya ulinzi huo kwa muda mrefu, seli huumia, na hali hiyo huonekana sana kwa wenye kisukari na magonjwa ya moyo. (Lakini radikali si adui tu: chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria.)

Ginseng ya Korea na kaskazini-mashariki mwa China, Panax ginseng, ni mzizi unaovunwa kwa kawaida baada ya miaka 4 hadi 6. Ukikaushwa tu huitwa mweupe. Ukipikwa kwanza kwa mvuke huwa mwekundu, na mvuke huo hubadilisha ginsenosaidi zake, kemikali ambazo watafiti wamezichunguza kuliko nyingine. Kinachovutia ni kwamba kazi yake kubwa huenda isiwe kukamata radikali moja moja. Katika seli za maabara na panya, baadhi ya ginsenosaidi huamsha Nrf2, protini inayoiagiza seli iongeze vimeng'enya vyake yenyewe vya ulinzi.

Kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ni mbali. Majaribio mengi kwa watu yamekuwa madogo. Baadhi yalionyesha sukari ya damu kushuka kidogo, mengine hayakuonyesha kitu. Na neno "antioksidanti" kwenye kopo halithibitishi tiba: Finland, mwaka 1994, utafiti wa wanaume wavutaji sigara wapatao 29,000 ulikuta saratani ya mapafu ikiongezeka kwa waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo nayo ni antioksidanti.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kwanza, kwa sababu ginseng ya Marekani, ndugu wa ile ya Korea, imeonekana kupunguza nguvu ya dawa hiyo. Wa dawa za kisukari naye awe macho, sukari isije ikashuka kupita kiasi. Tena asome lebo: ile inayouzwa kwa jina la "ginseng ya Siberia" ni mmea mwingine, Eleutherococcus, na haina ginsenosaidi kabisa.