Bima ya magari kadhaa ya mmiliki mmoja: maana yake na namna inavyofanya kazi

Bima ya magari kadhaa ya mmiliki mmoja ni utaratibu ambao mtu binafsi, kampuni, shule au ushirika huyakatia magari yake bima katika kampuni moja, kwa mkataba mmoja wenye tarehe moja ya kuanza na tarehe moja ya kuisha, badala ya kila gari kuwa na mkataba wake. Mawakala wengi huiita kwa mkato bima ya fliti. Mkataba huo huambatanishwa na jedwali linaloonyesha kila gari kwa namba yake ya usajili, namba ya chesisi, mwaka wa kutengenezwa, matumizi, thamani na aina ya bima. Jedwali hilo ndilo linalostahili kusomwa kwa makini kuliko ukurasa wa kwanza wenye jina la mteja na muhuri.

Kinachounganishwa hapa ni mkataba, si magari. Nchini Tanzania, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inataka gari lolote linalotumika barabarani liwe na bima inayowalinda watu wengine, nayo haimuulizi mmiliki ana magari mangapi. Kila gari hupewa stika yake, na taarifa zake huingia peke yake katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambako askari wa usalama barabarani au mtu yeyote anaweza kuzihakiki. Kwa hiyo mtu mwenye magari matano ambaye jedwali lake limeorodhesha manne anaendesha moja bila bima, hata kama mkataba una jina lake na ada imelipwa yote.

Si lazima magari yote yawe na kinga ya aina moja. Gari jipya linaweza kuwa na bima kubwa, inayofidia pia uharibifu na wizi wa gari la mteja mwenyewe, huku pikapu la zamani la shambani likiwa na bima ndogo, inayolipa madhara wanayopata watu wengine tu. Tofauti hii ina jambo ambalo wenye magari mengi hulitambua wakiwa wamechelewa. Tuseme kijana wa nyumbani anarudisha nyuma Toyota Noah uani na kuponda mlango wa Toyota IST, na magari yote mawili ni ya baba yake, yote yakiwa na bima ndogo. Hakuna fidia hapo. Bima ndogo humlipa mtu wa tatu, yaani mtu mwingine aliyedhurika, na mmiliki hawezi kuwa mtu wa tatu kwa mali yake mwenyewe. Kuyatenganisha magari hayo katika mikataba miwili, au hata kampuni mbili, hakubadilishi kitu. Kama yangekuwa na bima kubwa, kila moja lingedaiwa kwa sehemu yake katika jedwali, na mmiliki angebeba mara mbili, mara moja kwa kila gari, kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho kampuni humwachia mteja alipe mwenyewe.

Sababu inayotajwa zaidi ya kuunganisha ni punguzo. Ada ya bima kubwa huhesabiwa kama asilimia ya thamani ya gari. Tuchukue asilimia 3.5 kwa mfano: IST yenye thamani ya Sh 12,000,000 itatozwa Sh 420,000, na Noah ya Sh 20,000,000 itatozwa Sh 700,000, jumla Sh 1,120,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Kampuni ikikubali kupunguza asilimia 10, mteja anaokoa Sh 112,000. Ni fedha ya maana, lakini si ya kumfanya mtu asaini bila kusoma. Kwenye bima ndogo nafasi ya kupunguziwa ni finyu zaidi, kwa kuwa bei yake haitegemei thamani. Kwa gari dogo la binafsi imezoeleka kuwa Sh 118,000 pamoja na kodi hiyo. Kwa maoni yangu, mwenye magari mawili ya familia hunufaika zaidi na tarehe moja ya kukumbuka kuliko na punguzo lenyewe. Mwenye magari kumi na zaidi ndiye anayeingia ofisini akiwa na nguvu ya kujadili bei.

Nguvu hiyo ina gharama yake. Kampuni inapokadiria bei ya mwaka unaofuata haiangalii gari moja moja tu, bali hulinganisha ada zote za mkataba na madai yote yaliyolipwa. Ikiwa magari matano yamelipiwa Sh 6,000,000 na moja kati yao, pengine lori aina ya Canter linalokesha barabarani, limeleta madai ya Sh 9,000,000, basi kwa kila shilingi 100 iliyopokelewa zimetoka 150, na bei mpya itaweza kupanda hata kwa lile gari linalotoka kwenda kanisani au msikitini tu. Pia punguzo analopata mtu kwa kukaa miaka bila kudai linaweza kupotea gari linapoingizwa katika kundi, kwa sababu rekodi inayohesabika sasa ni ya kundi zima. Hilo ni la kuulizwa kabla ya kuhama, na jibu lipatikane kwa maandishi. Mwenye biashara ya usafirishaji, nionavyo mimi, ana sababu nzuri ya kuyaacha magari ya nyumbani nje ya mkataba wa kazi.

Neno «mmiliki mmoja» nalo lina uzito kuliko linavyoonekana. Magari mengi huuzwa mkono kwa mkono bila kubadilisha umiliki, hivyo mtu huwa na magari matatu uani yenye kadi za majina matatu: lake, la kampuni yake, na la mtu aliyemuuzia miaka iliyopita. Kisheria hao ni wamiliki watatu, na siku ya madai swali la kwanza litakuwa nani aliyepata hasara. Kampuni nyingine hukubali gari la mume na la mke katika mkataba mmoja iwapo wote wawili wametajwa humo. Matumizi nayo yaandikwe kama yalivyo, kwa kila gari. Lililosajiliwa kwa matumizi binafsi halafu likafanya kazi ya teksi ya mtandaoni huipa kampuni sababu ya kukataa dai, na dereva awe na daraja la leseni linalolingana na gari analoendesha.

Gari likinunuliwa katikati ya mwaka, huongezwa kwenye jedwali kwa nyongeza ya mkataba na kulipiwa siku zilizobaki tu. Ada ya mwaka ikiwa Sh 700,000 na mkataba ukiisha Desemba 31, gari linaloingia Julai 1 litalipiwa siku 184, yaani takriban Sh 353,000. Likiuzwa, mmiliki aombe liondolewe mara moja, kwani bima haimfuati mnunuzi. Thamani zipitiwe kila mwaka badala ya kunakili jedwali la mwaka jana: gari lililokatiwa Sh 20,000,000 ambalo sokoni sasa ni Sh 15,000,000 hulipiwa ada ya ile thamani ya juu, ilhali fidia haitavuka thamani ya soko ya siku ya ajali.

Na iwapo gari mojawapo linavuka mpaka kwenda Zambia, Malawi au Rwanda, litahitaji Kadi ya Njano, yaani bima ya kuwalinda watu wengine nje ya nchi, chini ya mpango wa COMESA (jumuiya ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambao Tanzania inashiriki ingawa ilijiondoa katika jumuiya hiyo. Kadi hiyo hutolewa kwa gari linalosafiri, si kwa kundi zima.